Barabara Nyeupe za Siena

Katika vilima vya mkoa wa Siena, nchini Italia, zingaliko barabara zisizotiwa lami, ambazo wenyeji huziita "nyeupe" kwa rangi ya kokoto zake. Wakati wa kiangazi vumbi lake humpaka mpanda baiskeli hata akafanana na mtu aliyeshinda mashineni akisaga unga.

Sisi ambao kila masika twaililia lami, yatustaajabisha kusikia kwamba wako waliojikusanya ili lami isije. Mwaka 1997, katika kijiji cha Gaiole in Chianti, Giancarlo Brocci na wenzake walianzisha msafara wa baiskeli za mtindo wa kale, uitwao L'Eroica. Siku ile walitokea wapandaji 92 tu. Hoja yao ilikuwa nyepesi: barabara inayopendwa na wageni haitafukiwa upesi. Mkulima ambaye vumbi humwingilia dirishani mwaka mzima huenda akawa na neno lake.

Njia iliyo ndefu ina kilomita 209, nayo imewekewa vibao vya kudumu. Hupanda hadi ngome ya Brolio, ikapita mashamba ya mizabibu na mizeituni mpaka Buonconvento, mji mdogo wenye kuta za matofali, alikofia Kaisari Heinrich VII mwaka 1313. Kisha waja mlima wa Montalcino. Hapo, ndugu msomaji, wako wanaoshuka na kukokota, wala si aibu. Mvua ikinyesha, udongo ule hunata magurudumuni hata baiskeli ikakataa kwenda.