Mfungo wa Juisi: Nasaha kwa Mjukuu Anayejiandaa Kufunga



Mfungo wa juisi ni kuacha chakula kwa muda uliopangwa, iwe siku moja, tatu au zaidi, na kunywa maji na juisi ya matunda au mboga tu, ili saa za kupika na kula ziwe saa za sala. Sala ndiyo inayoufanya uwe mfungo. Anayekunywa juisi wiki nzima ili apungue uzito amebadilisha mlo, na hilo ni jambo la afya yake. Halihesabiwi kuwa ibada. Wala mwili hauhitaji juisi ili kuondoa sumu: kazi hiyo inafanywa na ini na figo kila siku. Kijana anayeanza nidhamu hii atenganishe makusudi hayo tangu mwanzo, kwa maana ni rahisi kuingia kwa ajili ya Mungu na kutoka akiwa amejishughulisha na kiuno chake.

Makanisa ya Afrika Mashariki yanajua mifungo ya namna nyingi. Upo mfungo mkavu, ambao mtu hagusi chakula wala maji. Wengi huuita mfungo wa Esta, kwa sababu malkia huyo aliwataka Wayahudi wa Shushani wasile wala kunywa kwa siku 3. Upo mfungo wa maji matupu. Upo pia mfungo wa Danieli, ambaye katika sura ya 1 ya kitabu chake alikula mboga na kunywa maji kwa siku 10, na katika sura ya 10 akakaa majuma 3 bila nyama, divai wala chakula kitamu. Mfungo wa juisi hautajwi popote katika Biblia, na hakuna haja ya kuulazimishia aya. Unasimama juu ya kanuni inayoonekana kwa Danieli: kujinyima sehemu ya chakula kwa ajili ya Mungu nako ni kufunga.

Mapokeo ya Kanisa yanaunga mkono jambo hilo. Katika karne ya 13 Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mfungo wa Kanisa hauvunjwi na kinywaji, ila anayekunywa kupita kiasi anaweza kupoteza thawabu yake. Mkatoliki azingatie tofauti moja tu. Katika saa 1 kabla ya kupokea Komunyo, sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinaruhusu maji na dawa peke yake, kwa hiyo juisi isubiri mpaka baada ya Misa.

Miongoni mwa walioueneza mfungo huu kwa Waprotestanti wa karne iliyopita ni Bill Bright, Mmarekani aliyeanzisha huduma ya Campus Crusade for Christ mwaka 1951. Mwaka 1994, akiwa na miaka 72, alifunga siku 40 kwa maji na juisi akiiombea nchi yake uamsho. Desemba ya mwaka huo aliwakusanya viongozi wa Kikristo mjini Orlando kwa siku 3 za kufunga na kuomba, na mwaka 1995 akachapisha kitabu kuhusu jambo hilo. Mafundisho yake yalikuja pamoja na tahadhari: anayetaka kufunga siku nyingi amwone daktari kwanza, na anayeanza aanze na siku chache.

Faida kubwa ya juisi ni kwamba humwezesha mtu kufunga bila kuacha wajibu wake. Muuguzi wa zamu, mwanafunzi wa chuo, fundi na mama mwenye watoto hawawezi kupanda mlimani wakajifungia. Wanahitaji nguvu kidogo ili wafanye kazi bila kuwahatarisha wengine. Njaa bado ipo, na kila inapouma humkumbusha mtu kwa nini alianza. Basi mfungo wa juisi usidharauliwe kuwa mfungo wa wanyonge. Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma na kulitaja hilo mbele za Mungu. Aliyekwenda nyumbani akiwa amehesabiwa haki ni mtoza ushuru aliyeomba rehema.

Kabla ya kuanza, kusudi liwekwe wazi. Kanisa la Antiokia, katika Matendo 13, lilifunga na kuomba kabla ya kuwatuma Barnaba na Sauli. Kusudi laweza pia kuwa toba, shukrani, mgonjwa au uamuzi mzito. Kisha ipangwe ratiba. Saa ya kifungua kinywa iwe ya Zaburi, saa ya chakula cha mchana iwe ya kuwaombea wengine, na jioni iwe ya kuungama na kushukuru. Bila ratiba, nafasi iliyoachwa na chakula huchukuliwa na simu. Mfungo hauwi malipo ya kumlazimisha Mungu atoe ajira, mchumba au viza. Ni njia ya kunyenyekea mbele zake, na jibu hubaki mikononi mwake.

Mwili nao una taratibu zake. Mtu asipokula, akiba ya sukari iliyo kwenye ini huisha ndani ya takriban siku moja, kisha mwili hugeukia mafuta na sehemu ya misuli. Juisi hupunguza makali ya hali hiyo, lakini haitoshelezi. Lita moja na nusu ya juisi ya machungwa ina gramu zipatazo 10 tu za protini, ilhali mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 48 kwa siku. Sukari, kwa upande mwingine, ni nyingi: bilauri ya mililita 250 ina gramu 20 hadi 25, hata kama haikuongezwa chochote. Kwa sababu hiyo siku 1 hadi 3 zinamtosha mwenye afya anayeanza, na mfungo mrefu uwe chini ya uangalizi wa daktari.

Wapo wasiopaswa kujiingiza kabisa bila ruhusa ya daktari. Wa kwanza ni mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini, kwani sukari yake inaweza kupanda kwa juisi au kushuka kwa njaa. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na aliyewahi kusumbuliwa na ugonjwa wa kujinyima chakula watafute namna nyingine ya kujinyima. Mgonjwa wa figo huhatarishwa na potasiamu iliyo nyingi katika machungwa na madafu. Juisi ya balungi huzidisha nguvu ya baadhi ya dawa za shinikizo la damu na lehemu. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hutakiwa kumezwa pamoja na chakula. Dawa isiachwe kwa ajili ya mfungo, hata anayeagiza akiwa nabii.

Maandalizi huanza siku mbili au tatu kabla, kwa kupunguza nyama, vyakula vya kukaanga, na hasa chai na kahawa. Maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza mara nyingi husababishwa na kuacha kafeini ghafla. Siku za mfungo, juisi itengenezwe nyumbani bila sukari, kwa maji yaliyochemshwa na matunda yaliyooshwa vizuri. Pasheni, nanasi, ubuyu, karoti na tango vinafaa, na juisi tamu izimuliwe kwa maji. Inywewe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, na maji ya kutosha katikati. Kizunguzungu kisichoisha, kuzimia, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida au kuchanganyikiwa ni amri ya kufungua mara moja na kwenda hospitali. Katika Matendo 27 Paulo aliwasihi abiria waliokaa siku 14 bila kula wapate chakula kwa ajili ya uhai wao. Kufungua kwa sababu hiyo hakumvunjii Mungu heshima.

Kufungua nako kunahitaji kiasi. Aliyefunga aanze na papai, uji mwepesi au supu ya mboga, kisha wali laini na maharage, na pilau ingoje siku nyingine. Aliyekaa zaidi ya siku 5 karibu bila chakula anaweza kudhurika akila sana ghafla, kwa sababu madini kama fosfeti na potasiamu hushuka katika damu na moyo ukaathirika.

Yesu aliagiza katika Mathayo 6 kwamba anayefunga anawe uso na asijionyeshe kwa watu. Agizo hilo linakataza majivuno, lakini halimzuii mtu kumjulisha mwenzi wake, mchungaji au daktari. Mfungo unaofichwa kwa familia ni wa hatari. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, waumini walifundishwa kujiua kwa njaa ili wakutane na Yesu. Kiongozi anayekataza maji, daktari au ndugu, au anayewafungisha watoto, akimbiwe na aripotiwe polisi.

Mwisho, mfungo hupimwa kwa matunda yake kwa jirani. Isaya 58 inaunganisha kufunga na kumlisha mwenye njaa na kumfungulia aliyeonewa. Kitabu cha Mchungaji wa Herma, cha karne ya 2, kinamwagiza anayefunga ahesabu gharama ya chakula alichoacha, ampe mjane, yatima au mhitaji. Juisi zinazogharimu kuliko ugali na maharage ya kila siku haziachi kitu cha kutoa. Kwa hiyo zichaguliwe za matunda ya msimu, ziwe chache, na fedha iliyobaki ifike kwa mhitaji kabla mfungo haujafunguliwa.

Babu yako