Binti wa Mlango wa Nyuma

Katika sayari ya Mirihi, msomaji wangu, pana mahali palipopewa jina la mwanamke mweusi. Ni pale kilipotua chombo cha Wamarekani kiitwacho Perseverance, mwezi wa Februari 2021. Mwanamke huyo, Octavia Butler, hakuwa rubani wala mtaalamu wa nyota. Alikuwa mtunzi wa hadithi za kubuni za sayansi, naye alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 2006.

Alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Pasadena, California. Baba yake, aliyekuwa mpiga viatu rangi, alifariki binti angali mdogo. Mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba za Wazungu, na mara nyingine alikwenda kazini na mtoto. Mtoto akaona mama yake akiingia kwa mlango wa nyuma. Akasikia akinenwa kwa dharau, na mama akanyamaza. Jambo hili lilimchoma moyo.

Walakini mama huyo huyo alileta nyumbani vitabu vilivyotupwa na mabwana zake. Na binti alipokuwa na miaka 10, akamnunulia taipureta. Kusoma kulimpa binti taabu, kwani macho yake hayakuelewana upesi na herufi. Tena jamaa yake mmoja mtu mzima alimwambia kwa upole kuwa watu weusi hawawi waandishi. Nani angembishia? Mpaka alipotimiza miaka 13, binti hakupata kusoma neno alilojua kuwa limeandikwa na mtu mweusi. Lililompa ushujaa, nalo lachekesha, ni filamu moja mbovu juu ya watu wa Mirihi aliyoiona akiwa na miaka 12. Aliwaza ya kuwa yeye aweza kutunga hadithi iliyo bora kuliko ile.

Kutoka wazo hilo hata kitabu chake cha kwanza, mwaka 1976, ni safari ndefu. Aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua krispi za viazi kiwandani. Aliamka saa nane za usiku aandike, kisha aende kazini.

Nakuomba, msomaji, utue kidogo katika kitabu chake cha mwaka 1979, Kindred. Alipokuwa chuoni alimsikia kijana mmoja mweusi akiwalaumu wazee wao kwa kuinamisha vichwa mbele ya wenye nguvu. Octavia alimkumbuka mama yake na mlango ule wa nyuma. Akapanda basi mpaka Maryland, akatazama nchi ambayo watumwa walilimishwa, kisha akamtunga Dana, mwanamke wa mwaka 1976 anayevutwa kwa ghafla mpaka enzi ya utumwa. Huko Dana hana budi kumwokoa mara kwa mara kijana wa Kizungu, mwana wa mwenye watumwa, kwa kuwa kijana huyo ni babu yake; akifa mapema, Dana hatazaliwa. Mwanamke wa leo, mwenye elimu na ulimi mkali, ajifunza kuinama ili aishi.

Mimi nakipenda kitabu hiki kuliko vingine vyake vyenye kusifiwa zaidi. Mama yangu alipalilia mashamba ya watu, akaitikia "ndiyo" kwa watu waliomzidi mali tu, na karo yangu ikalipwa. Wako vijana ambao huona haya kwa ajili ya wazazi wa namna hiyo. Sijui kitabu kingine kinachowajibu bila kuwakemea.

Mwaka 1995 Octavia alipewa tuzo ya MacArthur, wa kwanza miongoni mwa watunzi wa hadithi za sayansi. Hata hivyo alikuwa na haja nyingine. Mwaka 1988 alijiandikia katika daftari ya kuwa vitabu vyake vitaingia katika orodha ya vile vinavyonunuliwa zaidi Marekani. Mwezi wa Septemba 2020, Parable of the Sower, alichokitoa mwaka 1993, kikaingia.