Herufi 150 Hazimtoshi Dada wa Tabata

Instagram inakupa herufi 150 tu za kujitambulisha, nafasi na emoji zikihesabiwa humo humo. Mhasibu zinambakia. Dada mmoja wa Tabata hazijawahi kumtosha, na mwezi huu peke yake kashabadilisha wasifu wake mara nne.

Mchana yuko kwenye duka la uchapaji Kariakoo, anabuni lebo za sabuni, nembo na kadi za harusi. Jioni anapaka watu hina na piko. Jumamosi anashona mikoba ya vitenge kwa cherehani ya bibi yake. Gitaa nalo anapiga, vibaya lakini kwa moyo. Halafu kuna kuku wa kienyeji. Hao hawajawahi kutajwa popote, ingawa ndo waliojazia kodi ya miezi sita.

Kwanza aliandika "Mbunifu". DM ikajaa watu wanaouliza bei ya magauni. Mjini hapa ukisema mbunifu wanasikia mavazi, ukisema msanii wanasikia Bongo Fleva au Bongo Movie. Akaamua kuweka vyote: nembo, hina, mikoba, gitaa. Ukurasa ukapendeza, bana. Kumbe kuna mteja, mtu wa maji ya chupa, alikuwa karibu kabisa kutoa malipo ya awali. Kaingia, kaona mikono yenye piko katikati ya nembo, katuma voisi: "Dada, sisi tunatafuta mtu siriasi." Laki sita hiyo, imeyeyuka. Usiku ule ule akaficha picha zote za hina, zaidi ya mia.

Na hina ndiyo iliyomfundisha kazi yenyewe! Ile mistari myembamba kwenye nembo zake, ile nafasi anayoiacha wazi ili umbo lipumue, aliizoea kwenye viganja vya mabibi harusi. Kwenye kompyuta ukikosea unarudi nyuma. Piko ikishagusa ngozi imegusa, na shughuli ni kesho.

Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliimba taarabu hadi majukwaa ya Ulaya, akapiga ngoma za unyago, akafunda wari na kutengeneza hina. Zanzibar ilimjua kwa vyote hivyo. Sema yeye hakuwa na ukurasa wa kutunza wala mwenye nyumba wa Tabata.

Nyumbani nako kuna kazi. Wageni wa posa walipouliza binti anajishughulisha na nini, shangazi hakungoja: "Yuko ofisini, mambo ya kompyuta." Wazee wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Binti chumbani anasikia kila neno, anatamani kutoka aseme, lakini posa ya mtu haiingiliwi hivyo. Mchumba ndo aliyemtumia meseji baadaye: "Mbona hawajaambiwa kuhusu kuku?"

Sasa hivi wasifu unasomeka: "Nachora. Kwenye kompyuta na kwenye mikono yenu." Herufi 47. Zile 103 zilizobaki mikoba na gitaa vinazigombania. Picha za hina karudisha nusu, zile anazozipenda zaidi. Wa maji ya chupa hajapiga simu tena, na kodi inaisha mwezi ujao.