Chuma Kikipoa

Nyumbani kwetu Shighatini, hendibreki ya kuaminika ni jiwe. Kila uwanja unaoingiza gari una mawili matatu yaliyozoea kazi hiyo, yenye ubavu mmoja uliochongeka kwa kukaliwa na tairi. Vijiji hivi vya Pare Kaskazini, wilayani Mwanga, vimekaa kwenye miteremko. Nyumba ya jirani wa juu iko usawa wa paa lako, na paa la jirani wa chini liko usawa wa miguu yako. Gari likichomoka huku, haliendi kumgonga jirani, linakwenda kumwangukia.

Desemba ile baba mdogo alipanda kutoka Dar es Salaam na gari lisilo na mkono wa hendibreki. Ni mtumba wa Japani, alilinunua mwaka uliotangulia. Kati ya viti, pale tulipozoea kuona mkono, pana kitufe chenye herufi P. Ukikiinua, mota mbili ndogo kwenye magurudumu ya nyuma zinalia kidogo, na gari linashikwa. Baba mdogo alikionyesha kwa kila aliyekuja kumsalimia. Alipoambiwa atie jiwe, alicheka.

Jioni ya kwanza tulikuwa barazani tunakunywa chai. Gari limezimwa, funguo ziko mfukoni mwake. Likanguruma. Haikuwa kengele ya wizi. Ilikuwa sauti nzito ya sekunde mbili tatu, na nyuma kulitetemeka kiasi cha kugonganisha chupa za soda zilizokuwa bado kwenye buti. Watoto wakakimbilia jikoni. Bibi, ambaye macho yake yamefifia lakini masikio yake hayana mshindani, akauliza, "Nani yuko kwenye gari?"

Hakuwamo mtu.

Ingekuwa familia nyingine, jambo lingeishia kwenye kicheko. Kwetu halikuweza. Jumatatu iliyofuata Bibi alikuwa na miadi Moshi, KCMC, kutolewa mtoto wa jicho. Tulimbembeleza miaka miwili. Kila mara alikuwa na sababu: mahindi, msiba, magoti, au tu kwamba aliyokwisha kuyaona yanamtosha. Safari hii alikubali kwa sababu mwanawe angemchukua mwenyewe, mlangoni hadi mlangoni. Sasa alitangaza kwamba gari linalonguruma likiwa peke yake yeye halipandi. Nilimjua vya kutosha. Jumatatu ikipita, hapatakuwa na Jumatatu nyingine.

"Wewe ndiye wa masta," baba mdogo aliniambia, "tuambie lina nini."

Ninasomea takwimu, si magari. Lakini jedwali ninaweza kuchora. Nikachukua daftari na kuandika: gari limetoka wapi, limeegeshwa saa ngapi, limenguruma au la, baada ya dakika ngapi. Kwa siku tatu liliegeshwa mara tisa. Lilinguruma mara nne, zote kati ya dakika ya tatu na ya sita. Zote nne lilikuwa limetoka barabara ya juu, likashuka kile kipande kirefu cha mteremko kinachokuja kwetu. Lilipowashwa asubuhi na kusogezwa tu uwanjani kupisha kazi, halikutoa sauti hata mara moja. Taa ya onyo haikuwaka wakati wowote.

Jumamosi nikampelekea fundi daftari. Anatengeneza zaidi pikipiki na zile pikapu kuukuu zinazobeba ndizi. "Shikamoo fundi." "Marahaba. Hilo la kitufe sijawahi kuligusa," alisema, "ila breki ni breki." Hakuomba mashine ya kupimia. Aliomba baba mdogo apande juu, ashuke kama anavyoshuka siku zote, aegeshe. Kisha akapitisha kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, akanusa, akarudi tena nyuma kulia.

"Hili linachemka kuliko mwenzake."

Tukasubiri. Dakika ya nne, gari likanguruma, na mtetemo ulitoka upande uleule.

Nilikuwa nimeshasoma kwenye simu, pale kwenye kona ambapo mtandao unapatikana, jinsi breki hizi zinavyofanya kazi. Mota huzungusha skrubu, skrubu husukuma pistoni, pistoni hubana pedi kwenye diski. Kompyuta inapima umeme unaotumiwa na mota. Ubanaji ukiwa mgumu, umeme hupanda, na ukifika kiwango kilichowekwa kompyuta huzima mota. Breki inabaki imebana bila kula umeme. Tatizo ni joto. Diski ya chuma yenye unene wa milimita 10, ikipoa kwa nyuzi 200, hupungua takriban sehemu mbili za mia za milimita, kama moja ya tano ya unene wa karatasi. Ni kidogo, lakini inatosha kulegeza mbano. Kwa hiyo magari mengi ya aina hii, yakiegeshwa breki zikiwa za moto, huamka baada ya dakika chache na kujikaza tena.

Nilipomweleza fundi, hakushangaa. "Chuma kikipoa kinanywea," alisema, kama mtu anayekumbushwa jina la mjomba wake.

Na kwa nini asijue? Hii ni nchi ya wahunzi. Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu Washana, ukoo wa wahunzi uliotawala Ugweno kabla Wasuya hawajautwaa utawala. Chuma kilimpa mtu madaraka katika milima hii karne nyingi kabla ya kitufe cha baba mdogo.

Basi kunguruma hakukuwa ugonjwa. Joto la upande mmoja ndilo lilikuwa ugonjwa. Fundi alitia mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akaamuru kitufe kiachiwe, kisha akachomoa kichwa cha betri ili mtoto yeyote asije akabonyeza kitu kalipa ikiwa imefunguliwa. Pistoni hakuigusa. "Ya zamani ningeisukuma kwa nguvu. Hii ina gia ndani, nikilazimisha naivunja." Alitoa pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake. Moja ilitoka kwa kidole. Ya pili aliizungusha kwa spana mpaka jasho likamtoka: grisi yake ilikuwa imekauka na vumbi jekundu, ikawa kama udongo wa kufinyangia. Ndiyo maana pedi haikuachia diski vizuri, gurudumu likachemka kupita kiasi, na likipoa likajikaza kwa kishindo. Akasafisha, akapaka grisi ya breki inayostahimili moto, akafunga.

Akaongeza neno moja kwa baba mdogo, taratibu, kwa heshima: "Ukishuka huku, kaka, weka gia ndogo. Usishuke umeegemea breki." Baba mdogo, aliyekuwa ameshuka milima yote na D, alikubali kwa kichwa.

Jioni hiyo alishuka kwa gia ndogo. Tulikaa nusu saa tukisikiliza. Kimya. Kesho yake, baada ya kanisa, lilijikaza mara moja, kwa sauti fupi, bila mtetemo. Nikaenda kumweleza Bibi. Sikumwambia kwamba halitanguruma tena. Nilimwambia litanguruma, lini, na kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Kwa hiyo linajikumbusha lisiachie?" Nikamjibu ndiyo, Bibi. Akasema niweke kanga zake mbili na kitenge kwenye mfuko.

Jumatatu tulishuka alfajiri, ukungu ukiwa bado barabarani. Mwanga tulisimama kununua maji. Kijana wa bodaboda alikuwa ameegemea nyuma ya gari letu, anazungumza na simu. Gari likajikaza. Kijana akaruka, simu nusura imponyoke.

Bibi aliteremsha kioo. "Usiogope, mwanangu," alimwambia. "Ni chuma kimepoa."