Kuipima Hesabu kwa Mchanga

Sisi tukaao Mbulu na Hanang twajua vema kwamba nchi si kitu kilichotulia. Twakaa ukingoni mwa Bonde la Ufa. Upande mmoja, chini yetu, liko Ziwa Manyara, na upande wa pili Ziwa Eyasi. Kusini wasimama Mlima Hanang, ambao zamani ulikuwa mlima wa moto. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo iliporomoka, tope na mawe vikashuka hata Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tulikuwa tukiutazama mlima ule kila siku, lakini ni nani aliyeyaona yaliyokuwa yakifanyika ndani yake? Basi, swali la kuyajua yaliyo chini ya ardhi bila kuyaona si la wataalamu peke yao. Ni letu pia.

Leo nataka kulieleza swali hilo kwa njia ya kazi moja mpya, nayo ni kuzika hewa ya ukaa.

Hewa ya ukaa ni ile itokayo katika pumzi zetu na katika moto wa kuni, na zaidi sana katika mitambo ya makaa ya mawe na mafuta. Ikizidi angani hulizuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi lihifadhivyo joto la mtu alalaye. Kwa ajili hiyo watu wa nchi kadha wameanza kuikusanya kabla haijapanda, na kuisukuma kwa mabomba ndani ya ardhi, hata ifike kwenye tabaka la mwamba lenye vitundu vidogo vilivyojaa maji ya chumvi. Juu yake hutafutwa tabaka jingine lililoshikamana, lisilopitisha hewa, liwe kama kifuniko cha chungu. Watu wa Norwe walianza kazi hiyo mwaka 1996 mahali paitwapo Sleipner, chini ya Bahari ya Kaskazini, wakazika karibu tani milioni moja kila mwaka kwa miaka mingi. Wala habari hii haikubaki mbali nasi. Huko Kenya kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa mwaka 2022, imejishughulisha na kunasa hewa ya ukaa, kwa nia ya kuizika katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, bonde lile lile litupitialo sisi.

Msomaji atauliza, Je, hewa iliyozikwa itakaa huko? Swali hili ni la haki. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa tuvutayo, nayo ikitoka kwa wingi hujaa mabondeni na kuwakosesha watu pumzi. Mwaka 1986 huko Kamerun hewa hiyo ilitoka ghafula katika Ziwa Nyos, ikaua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Hewa ile haikuzikwa na mtu; ilitoka katika volkano na kukusanyika majini. Wala kila itokayo haiui. Wachunguzi walioipima hewa katika udongo karibu na Natron na Magadi walitangaza mwaka 2016 kwamba nyufa za nchi ile hutoa tani milioni kadha za hewa ya ukaa kila mwaka, taratibu, pasipo kishindo. Kwa hiyo, kabla ya kuizika hewa mahali, yafaa kujua itapita njia gani, itafika wapi, na kwa muda gani.

Wajuaje, nao hawawezi kuingia chini ya mwamba? Hutumia hesabu. Huigawanya ardhi katika vijisanduku vingi, na kwa kila kimoja huiandikia kompyuta habari zake: vitundu vyake ni vikubwa kadiri gani, maji yake yana chumvi kiasi gani, ufa uko wapi. Kisha kompyuta hupiga hesabu, saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka, jinsi hewa itokavyo katika kijisanduku hiki na kuingia kile. Mwisho hutoa picha nzuri zenye rangi. Mtu azitazamapo hudhani ameiona ardhi yenyewe. La! Ameona mawazo ya watu juu ya ardhi, yaliyotiwa katika tarakimu.

Nayo ardhi imewahi kuwafundisha wenye hesabu. Kule Sleipner, walipopima kwa mitetemo mwaka 1999, walikuta hewa imekwisha kufika juu kabisa ya mchanga, imepenya tabaka nyembamba moja baada ya nyingine. Huko In Salah, katika jangwa la Algeria, kazi ilianza mwaka 2004. Vyombo vilivyo angani vikaonyesha kwamba uso wa nchi ulikuwa ukiinuka kidogo kidogo juu ya visima. Mwaka 2011 kazi ikasimamishwa, maana walikuwa na mashaka juu ya kifuniko.

Hapo ndipo penye ugumu. Hewa yatakiwa kukaa chini miaka maelfu, na hakuna aliyeitazama miaka maelfu. Tutaijaribuje hesabu ambayo majibu yake yatapatikana baada ya vitukuu vyetu kufa?

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bergen, huko Norwe, waliona njia. Walitengeneza ardhi ndogo katika maabara, wakaiita FluidFlower. Ni kama sanduku jembamba la kusimama, upana wake karibu meta 3, lenye kioo mbele. Ndani yake walimimina michanga ya aina mbalimbali, mikubwa na midogo, tabaka juu ya tabaka, wakafanya na nyufa kama zile za ardhini. Wakajaza maji yenye dawa ibadilishayo rangi pale hewa ya ukaa inapoyeyuka. Kisha wakaipuliza hewa chini ya mchanga, wakapiga picha muda wa siku tano. Wakaisafisha, wakarudia, hata mara tano, wajue kama mchanga wenyewe hutoa jibu lile lile. Majibu yale yalifanana sana, ingawa hayakuwa sawa kabisa.

Lakini lililonipendeza mimi ni hili. Kabla ya kuonyesha matokeo, walivipa vikundi tisa vya wachunguzi, kutoka pande mbalimbali za dunia, habari zote za mchanga ule, wakawaambia kila kikundi kitabiri peke yake, pasipo kuongea na wenzake: hewa itafika wapi, kiasi gani kitayeyuka, kiasi gani kitapita penye ufa. Baadaye ndipo wakaruhusiwa kusemezana na kurekebisha. Mwisho utabiri ukawekwa kando ya picha za mchanga, wote wauone.

Matokeo? Kwa umbo la jumla wengi walipata vema: hewa ilijikusanya chini ya vifuniko kama walivyosema, na maji yaliyolewa hewa, kwa kuwa yamekuwa mazito, yalishuka chini kama mizizi. Lakini walipoulizwa kiasi, walitofautiana sana, hasa juu ya hewa iliyoyeyuka. Nao wote walipewa mchanga ule ule! Tofauti ilitoka wapi? Kila kikundi kilikuwa na programu yake na uchaguzi wake: kipi kihesabiwe kwa undani na kipi kiachwe, vijisanduku viwe vikubwa au vidogo. Basi kilichopimwa Bergen hakikuwa kompyuta tu. Alipimwa na mtu aliyeishika.

Nilipozisoma habari hizi niliwajaribu wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Tulishikanisha vioo viwili vya dirisha, tukaacha nafasi ya vidole viwili katikati, tukatia mchanga mnene wa mtoni, juu yake tabaka la mchanga laini uliochekechwa, na juu tena mchanga mnene. Maji tuliyatia dawa ya maabara, ambayo ni ya buluu, nayo hugeuka manjano ikionja asidi. Hewa tuliipata kwa kumwagia siki magadi ya sokoni. Kabla ya kuanza nikamwambia kila mtoto achore njia ya hewa katika karatasi, aikunje, aiweke mezani. Mmoja akasema, “Mwalimu, hili si la kuuliza, hewa hupanda juu siku zote.” Karibu wote walichora mstari ulionyoka. Tukafungua mrija. Hewa ilipanda hata penye mchanga laini, ikakwama, ikatambaa upande, ikafika pembeni karibu na kioo, ndipo ikapenya. Asubuhi yake tukaona nyuzi za manjano zikining'inia kuelekea chini. Kulikuwa kimya darasani walipozikunjua karatasi zao, maana hakuna aliyeweza kusema, “Nilijua.”

Hiyo ndiyo faida ya kutabiri kabla. Kisima kikiisha kuchimbwa, kila mtu kijijini alijua maji yalikuwa wapi. Aliyelijua kweli ni yule aliyelisema na kuliandika kabla ya jembe la kwanza.

Tena tusivuke mpaka. Sanduku la mchanga si mwamba. Kina kikizidi meta 800 hivi, mgandamizo wa huko chini huibana hewa ya ukaa hata ikawa nzito sana, ingawa bado ni nyepesi kuliko maji, nayo katika sanduku hubaki hewa nyepesi. Siku tano si miaka elfu. Hesabu iliyoshinda mtihani wa Bergen haijashinda mtihani wa Bonde la Ufa, lenye mitetemeko na nyufa zake. Lakini hesabu ambayo haikujaribiwa po pote haistahili hata kusikilizwa.

Basi, ndugu zangu, yamkini siku moja watafika wageni katika mkutano wa kijiji, nao watatandaza picha zenye rangi, wakitaka kutoboa ardhi yetu, kwa ajili ya hewa, au maji, au madini. Tusiwafukuze kwa hofu, wala tusikubali kwa sababu picha zao zapendeza. Tuwaulize kwa adabu maneno manne. Hesabu yenu ilijaribiwa wapi? Mliyaandika majibu kabla ya kuona, au baada? Wengine waliopewa habari zile zile walipata nini? Na ardhi ikienda kinyume cha hesabu, nani atakayeipima, na nani atakayetuambia? Mtaalamu wa kweli atafurahi kuulizwa hivyo, maana wenzake wa Bergen walijiuliza wenyewe mbele ya watu wote. Naye atakayekasirika, tumwambie arudi na jibu kwanza, ndipo tuzungumze habari za kutoboa.