Kamera Haitaki Kelele

Sisi wana Chama cha Kiswahili tunajulikana kwa maneno mengi. Mmoja wetu akitumwa dukani kununua chumvi, hurudi na chumvi na methali mbili juu yake. Kwa hivyo mwalimu mlezi alipotangaza kuwa mwaka huu, pamoja na mashairi na ngonjera, tutatengeneza filamu fupi, tulikimbilia kalamu hata kabla ya kuuliza kamera iko wapi. Kamera yenyewe ilikuwa simu yake, maana sisi haturuhusiwi simu shuleni. Kila jioni aliirudisha mkobani kama mtu aliyebeba yai.

Kwanza alituonyesha Supa Modo, filamu ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ndani yake kuna Jo, msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu. Tulilia, wavulana nao wakasingizia vumbi. Kumbe filamu hiyo, sawa na Soul Boy ya 2010 na Nairobi Half Life ya 2012, ilitokana na mpango wa One Fine Day Films, ambapo vijana wa hapa kwetu walijifunza kwa kutengeneza filamu yenyewe huku wakielekezwa na wataalamu. Hilo lilitutia moyo. Thika yetu iliwahi kuonyeshwa katika televisheni ya Uingereza mwaka 1981, katika The Flame Trees of Thika, lakini hiyo ilikuwa hadithi ya familia ya walowezi. Sisi tulitaka ya anayeteka maji.

Basi tukaandika. Msichana wa Ngoliba huamka alfajiri kuteka maji ya kuuza, kwa sababu mama yake anaugua na maji hayo ndiyo yanayoleta unga nyumbani. Siku ya mtihani inafika, mtungi nao ni mtupu. Afanyeje?

Skripti ilitoka na kurasa kumi na nne. Mwalimu akatueleza kwamba ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, nasi tulikuwa tumekubaliana dakika saba. Lo! Kukata maneno kunauma kuliko kung'olewa jino. Msichana wetu alikuwa anasema, "Ewe mama, mtungi hauna maji na jua limechomoza!" Mwalimu akauliza, "Mtazamaji haoni mtungi? Haoni jua?" Akapiga mstari. Methali zetu zote zikaenda hivyo hivyo. Nilinung'unika, na mpaka leo naona moja ingeweza kubaki.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa uigizaji. Si unajua sisi tumelelewa kwenye jukwaa la tamasha la drama, ambako lazima mtu wa kiti cha mwisho akusikie? Mbele ya simu, sauti ile inaonekana ugomvi. Mwigizaji wetu mkuu, dada mmoja mpole wa kidato cha tatu, ndiye pekee aliyeelewa mara moja. Alitazama tu mtungi, akameza mate, basi. Sisi wengine tulikuwa bado tunapungia watu mikono kama tunaofukuza kunguru.

Mengine tulijifunza njiani. Saa sita mchana jua hutia macho kivuli cheusi, kwa hiyo tulipiga picha kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Simu ya pili, ya mwalimu mwingine, ilifungwa ndani ya soksi ili isisikie upepo, na kabla ya kila onyesho mmoja wetu alipiga kofi moja ili baadaye sauti na picha zioanishwe. Mkokoteni wa shamba la shule ulibeba mpiga picha tulipotaka kamera itembee. Msichana akielekea mtoni kutoka kulia kwenda kushoto, hana budi kurudi kutoka kushoto kwenda kulia, la sivyo mtazamaji atadhani bado anakwenda. Na mlima Kilimambogo ulitusumbua kweli! Katika picha moja umevaa wingu, katika inayofuata uko wazi, ilhali hadithi inasema ni dakika ile ile. Tulingoja wingu siku mbili.

Kisha, yakiwa yamebaki maonyesho matatu, mwigizaji wetu akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Wiki ya kwanza tukasema atarudi. Wiki ya pili tukanyamaza. Kuna aliyependekeza tutafute msichana mwingine anayefanana naye, na wengi wakakubali. Mimi nilikataa. Hadithi ni ya msichana anayekosa darasa kwa ajili ya umaskini. Tumbadilishe kama taa iliyoungua, kwa sababu ile ile? Mabishano yakawa makali, hata watu wawili wakasusa kikao.

Mwalimu hakuamua. Alituuliza tu: "Mna picha gani tayari?" Tukatazama zote. Tulikuwa na uso wake ukitazama chini, viatu vyake mlangoni, na mtungi. Tukapiga picha ya dawati tupu la mtihani, karatasi ikipeperuka kidogo. Tulipoziweka moja baada ya nyingine, uso, dawati, mtungi uliojaa, jamani, hadithi ilikuwa imekwisha kujisimulia! Hatukuhitaji neno. Yale maonyesho matatu yaliyokuwa na hotuba ya kuaga tukayafuta.

Alirudi wiki ya tano. Tulionyesha filamu katika bwalo, kwenye shuka jeupe, naye akakaa benchi la nyuma. Dawati lilipotokea, bwalo lote likanyamaza, hata wale wa kidato cha nne. Yeye hakulia. Aliniuliza kwa sauti ndogo ni nani aliyekalia dawati lake wakati hayupo. Nikamwambia hakuna.

Muhula ujao tunataka hadithi ya mwendesha bodaboda, na yeye ndiye atakayeongoza. Skripti ina kurasa nne mpaka sasa, na tayari kuna mtu ametia methali tatu.