Nyumba ya Shangazi, Mafubira

Atokaye Mbale kwenda Jinja hupita Tirinyi, akaishika barabara kuu karibu na Iganga, kisha mashamba ya miwa ya Kakira yakamsindikiza hata Bugembe. Mafubira iko kaskazini ya mji, katika njia iendayo Kamuli. Tangu mwaka 2020 imehesabiwa kuwa sehemu ya Jiji la Jinja, lakini mbuzi wafungwao kando ya njia bado hawajapata waraka huo.

Nilikwenda huko likizo iliyopita kwa mwito wa shangazi yangu. Mwanawe, ambaye ni kibarua wa mashamba katika jimbo la Toscana, Italia, alikuwa amempelekea fedha pamoja na picha moja, akiomba nyumba ya marehemu baba yake ipambwe kwa mfano ule. Fundi alikwisha kuja. Kwake yeye mtindo wa Kiitaliano ulikuwa nguzo nne za saruji, simba wawili juu ya lango, na vigae ving'aavyo hata barazani. Njia ya kutoka langoni, kwa mpango wake, ingepita penye kaburi la mume wa shangazi. Alisema kaburi laweza kuhamishwa.

"Mwanangu, wewe umesomea ualimu," shangazi aliniambia. "Hebu nisomee picha hii."

Tukaitazama pamoja. Ilikuwa nyumba ya mkulima: kuta za mawe zilizopakwa chokaa, paa la vigae vya udongo, madirisha ya mbao yaliyochujuka kwa jua, vyungu mlangoni, na mzabibu uliotambaa juu ya meza ya kulia. Hapakuwa na simba hata mmoja. Waitaliano huuita udongo wa vigae na vyungu vile terracotta, yaani udongo uliopikwa. Nikamweleza kwamba wakulima wa kule walijenga kwa kile kilichokuwa karibu nao.

Shangazi akacheka. "Basi hao ni sisi."

Kuta zake ni za matofali ya kuchoma, nami nilimsihi asizipake rangi ya mafuta. Msomaji aniwie radhi nikitaja aibu yangu: nyumbani kwangu nilipata kuipaka ukutani penye unyevu utokao ardhini. Ukuta ulimetameta kwa miezi michache, kisha ukatoka malengelenge na kubambuka, pamoja na akiba yangu ya mwaka mzima. Chokaa huuacha ukuta upumue. Tuliikoroga chokaa iliyozimwa hata ikawa kama maziwa mazito, tukatia udongo mwekundu wa pale pale uliochekechwa, kidogo kidogo, tukijaribu kwanza pembeni, maana rangi ikikauka hupauka sana. Ukuta husuguliwa na kuloweshwa kwanza, ndipo ukapakwa mara tatu au nne, kila mkono mwembamba, na ule wa kwanza ukauke kabla ya wa pili. Macho yalindwe, chokaa huunguza.

Bustani ndiyo iliyotutia mashaka. Kiangazi cha Toscana ni kikavu, na mzabibu hustawi hata Dodoma. Lakini Jinja hupata misimu miwili ya mvua, na unyevu mwingi huuletea mzabibu ukungu. Tukasimamisha kichanja cha miti mbele ya baraza, tukapanda pasheni. Chini ya michirizi ya paa tukatandaza kokoto, ili matone yasiurushie ukuta tope. Vyungu tuliviagiza kwa mama mfinyanzi, tukimwomba avitoboe chini kabla ya kuvichoma, kwa kuwa kukitoboa chungu kilichokwisha kuchomwa ni kubahatisha. Kimoja kina rosemari katika udongo uliochanganywa na mchanga. Vingine vina mchaichai na maua.

Fundi alinuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi kwa ujira wa kutwa, akayaranda upya madirisha ya zamani kwa ustadi ambao, kwa maoni yangu, simba wake wasingeuonyesha. Kaburi liko palepale, limezungukwa na vyungu vinne, na njia ya kuingilia imepinda kulikwepa.

Tulipompelekea mwana picha, alipiga simu jioni ile ile. Kwanza alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kwa nini bati la jikoni bado lina matundu, na fedha zilizosalia ni kiasi gani. Zilitosha mabati sita, na fundi ameahidi kuanza Jumatatu.